Kuzungumzia Sera ya Tabianchi Penye Mirengo Tofauti ya Siasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya wanaoendesha mikutano ya tabianchi mashinani: wanakamati wa wadi, maafisa wa kaunti, wahudumu wa mashirika, walimu, maimamu na wachungaji. Mifano mingi ni ya Kenya, ambako kaunti zina sheria na mifuko yao ya tabianchi. Swali la Tanzania liko kuelekea mwisho.

Hakuna anayebisha kwamba mvua imebadilika. Mbona basi mkutano unageuka wa siasa?

Kwa sababu ugomvi hauko kwenye mvua. Mfugaji aliyepoteza mifugo katika ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano mfululizo ikipita bila mvua ya maana, hahitaji kuthibitishiwa chochote, awe alipiga kura upande gani. Yanayogawanya watu ni matatu: nani analipa, nani ananufaika, na nani aliamua. Sera ikiletwa bila majibu ya hayo, kila mtu hujijibu mwenyewe kwa kipimo kilicho karibu naye, na kipimo kilicho karibu ni chama. Atauliza, "Imeletwa na nani?" Akishajua imeletwa na nani, amemaliza kufikiri.

Ndiyo maana mkutano unaoanza na dakika 40 za picha za barafu ya ncha ya kaskazini huharibika hata kama mtoa mada anaijua sayansi yake vizuri. Ameeleza jambo ambalo halina mpinzani, akaacha dakika tano za mwisho kwa jambo lenye wapinzani wote. Geuza mpangilio: hesabu ya pesa, majina ya waamuzi na mahali pa mradi vije mapema, sayansi ifuate pale inapoulizwa.

Tuseme "tabianchi" au "hali ya hewa"? Kuna maneno ya kuepuka?

Yatumie yote mawili, lakini yatenganishe. Hali ya hewa ni ya leo, kesho na wiki hii. Tabianchi ni mazoea ya mahali kwa miaka mingi, kwa kawaida wastani wa miaka 30. Neno lenyewe linakusaidia kueleza: ni tabia ya nchi. Mtu mpole anaweza kuwaka hasira siku moja na bado tabia yake ikawa upole. Ukimwona anawaka kila wiki, hapo unasema tabia imebadilika. Maelezo haya huchukua dakika mbili na hayahitaji mchoro.

Maneno manne huleta matatizo mara kwa mara.

"Mkopo wa kaboni" ni tafsiri mbaya. Mwananchi akisikia mkopo husikia deni, na mara moja atauliza ardhi yake imewekwa rehani kwa nani. Sema "malipo ya kutunza mikoko" au "malipo ya kutunza msitu, yanayohesabiwa kwa tani za kaboni".

"Biashara ya hewa" ni mbaya zaidi. Tuna wafanyakazi hewa, tuna miradi hewa. Neno "hewa" likikaa karibu na pesa, masikio ya Wakenya husikia wizi. Tumia "kaboni" au "hewa ukaa", na ueleze kwamba ni hewa inayotoka kwenye moshi wa kuni, mafuta na makaa, ambayo mti huivuta na kuihifadhi katika shina, mizizi na udongo.

"Kustahimili" limejaa kwenye nyaraka za serikali. Kwa mtu aliyepoteza mbuzi wote, "tuwasaidie kustahimili" ni sawa na kumwambia avumilie. "Kujikinga" na "kujiandaa" hubeba maana ile ile bila kumuumiza.

La nne ni misemo ya kampeni. "Kuanzia chini kwenda juu" ilikuwa nembo ya upande mmoja katika uchaguzi wa 2022; ukiitumia kueleza mfuko wa wadi, nusu ya ukumbi itafunga masikio. Angalia pia rangi za bango na fulana: njano na kijani vikiwa pamoja, au rangi ya chungwa, vimeshasema neno kabla yako. Nyeupe yenye maandishi meusi inatosha.

Mkutano wa kwanza upangwe vipi?

Baraza la watu 200 linafaa kutangaza, halifai kujadili. Kwa majadiliano chukua watu 25 hadi 30, wakae duara, na muda usizidi dakika 90. Mpangilio unaofanya kazi ni huu:

Dakika 10 za kwanza ni dua na kukaribisha. Wakaribishaji wawe wawili, wanaojulikana kuwa wa pande mbili tofauti, na kila mmoja apewe dakika tatu. Kisha dakika 20 za kalenda ya misimu. Bandika karatasi ya manila ukutani, chora mstari wa miaka, waombe wazee waweke alama za ukame na mafuriko wanayoyakumbuka. Pwani na bara watakutajia El Niño ya 1997 na 1998, watakutajia mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na ya Aprili 2024. Kazi hii ina siri moja: wazee wa vyama tofauti husahihishana miaka, na wakishasahihishana miaka wamekwisha kukubaliana juu ya jambo la kwanza.

Dakika 25 zinazofuata ni za pesa: ziko ngapi, zimetoka wapi, nani ana sahihi ya kuzitoa. Halafu dakika 25 za vikundi vya watu sita, au watano, vilivyochanganywa kwa kuhesabu moja hadi tano ili marafiki wasikae pamoja. Dakika 10 za mwisho, karani anasoma kwa sauti kilichoamuliwa na watu wanatia sahihi.

Kinachoharibu zaidi ni ufunguzi. Mgeni rasmi akipewa kipaza sauti bila mipaka, dakika tatu zake huwa 50, na wasiompenda huondoka kabla ya karatasi ya manila kufunguliwa. Mwandikie ujumbe siku mbili kabla, ukitaja muda wake kamili na mada yake, na mwekee nafasi mwishoni, baada ya maamuzi kusomwa. Akizungumza hapo, anazungumzia walichoamua watu.

Nani asimame mbele?

Yule ambaye akikosea, atakutana na wasikilizaji sokoni kesho yake. Kwa mambo ya mvua ni mkulima au mfugaji mkongwe akiwa na afisa wa idara ya hali ya hewa kando yake. Kwa mambo ya bahari ni mvuvi anayejua kusi na kaskazi. Kwa pesa ni mweka hazina wa kikundi ambaye hesabu zake hazijawahi kuzua kelele.

Mtaalamu kutoka Nairobi anahitajika, lakini kama mjibu maswali. Akisimama yeye kwanza, watu humsikiliza kwa adabu, wanakunywa chai, na mazungumzo ya kweli yanafanyika njiani kurudi nyumbani bila yeye kuwepo.

Mtu akisema "hii ni ajenda ya wazungu, sisi hatukuchafua"?

Anza kwa kukubali sehemu iliyo kweli, na ukubali kwa moyo. Kenya inachangia chini ya asilimia 1 ya gesi joto za dunia, yaani gesi kama hewa ukaa zinazoongeza joto. Mchango wa mataifa tajiri ni mkubwa mno kulinganishwa. Usizunguke hapo, ukijaribu kupunguza ukweli huo umepoteza ukumbi mzima.

Kisha tenganisha mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Kuna kupunguza gesi na kuna kujikinga. Silanga (bwawa la kuchimbwa la kukusanya maji ya mvua), mbegu zinazokomaa mapema, kuhamisha choo kutoka bondeni panapofurika: haya hayamfaidi mzungu yeyote. Ni ya anayeishi hapo. Kwa upande wa kupunguza gesi, ahadi ambayo Kenya ilipeleka Umoja wa Mataifa mwaka 2020 ni kuzipunguza kwa asilimia 32 kufikia 2030, zikilinganishwa na kiwango ambacho zingefikia bila hatua yoyote, na waraka huo unaeleza wazi kwamba sehemu kubwa ya gharama inategemea msaada wa nje. Umeme mwingi wa nchi tayari unatokana na jotoardhi, maji, upepo na jua.

Mara nyingi anayesema hivi anataka kujua kama ataambiwa aache mkaa au auze ng'ombe. Muulize moja kwa moja: "Mzee, unahofia watataka ufanye nini?" Ukipata hofu yenyewe, jibu hiyo.

Na akisema "hizo pesa ni za gavana na watu wake"?

Usimtetee gavana. Eleza mfumo, kisha mpe njia ya kuukagua.

Katika mfumo wa mifuko ya tabianchi uliojaribiwa Isiolo, Garissa, Wajir, Kitui na Makueni, asilimia 70 ya pesa za mfuko zilitengewa miradi ya wadi, 20 miradi ya kaunti nzima, na 10 uendeshaji. Makueni iliweka kwenye kanuni zake angalau asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo. Wajir ikaweka 2. Baadaye FLLoCA, mpango wa kitaifa wa kufadhili hatua za tabianchi mashinani, unaofadhiliwa na serikali pamoja na Benki ya Dunia na wafadhili wengine, ulieneza mfumo wa kamati za wadi katika kaunti nyingine.

Fanya hesabu ukutani, mbele yao. Tuseme bajeti ya maendeleo ya kaunti ni Sh2 bilioni. Asilimia 2 ni Sh40 milioni. Asilimia 70 ya hizo ni Sh28 milioni. Wadi zikiwa 20, kila moja ni Sh1.4 milioni. Mtu akiona tarakimu hiyo ya mwisho, hasira hupungua kwa namna mbili: aliyedhani kuna mamilioni yaliyoliwa anaona kiasi halisi, na aliyedhani hakuna kitu anaona kuna kitu cha kufuatilia. Tumia takwimu za kaunti yako mwenyewe, kutoka bajeti iliyopitishwa.

Halafu mweleze Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Raia yeyote anaweza kuandika barua kwa ofisi ya umma kuomba nyaraka, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Barua iwe fupi: jina la mradi, mwaka wa fedha, nyaraka zinazotakiwa (kandarasi, hati za malipo, ripoti ya ukaguzi). Peleka nakala mbili, na ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri, siku 21 hazina mwanzo. Tunashauri barua hiyo itiwe sahihi na watu wa pande zote mbili. Ikitoka upande mmoja husomwa kama vita vya chama na huishia kwenye faili.

Tueleze gharama zitakazomgusa mwananchi, au tuanze na faida?

Gharama kwanza, kwa kipimo cha bidhaa anayoinunua. Mfano mzito ni tozo ya mazingira iliyokuwa kwenye Mswada wa Fedha wa 2024. Wazo lilikuwa kwamba bidhaa zinazoacha taka ngumu zichangie gharama ya kuzisafisha, na kwa vifungashio vya plastiki na nepi ilipendekezwa Sh150 kwa kilo. Fanya hesabu aliyoifanya mama dukani: nepi moja ikiwa na gramu 30, pakiti ya nepi 50 ni kilo moja na nusu, yaani Sh225 juu ya bei ya kawaida. Tarehe 18 Juni tozo hiyo iliondolewa kwa bidhaa zinazotengenezwa nchini, na tarehe 26 Juni, baada ya maandamano makubwa na vifo, Rais akakataa kuutia sahihi mswada mzima.

Yaliyowakasirisha watu katika mswada ule yalikuwa mengi. Lakini kwenye kipande hiki, maswali matatu hayakupata majibu yanayosikika: kwa nini nepi ya mtoto, pesa zitasafisha jaa gani, na asiye na uwezo afanye nini. Linganisha na marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza tarehe 28 Agosti 2017. Adhabu zake zilikuwa kali sana, hadi Sh4 milioni au kifungo cha miaka minne, na wafanyabiashara walilalamika. Hata hivyo mwananchi aliona mbadala kwenye duka lile lile, akaona mitaro na miti ya kando ya barabara ikibaki bila mifuko. Marufuku ikazoeleka pande zote.

Kwa hiyo kila gharama itajwe pamoja na mbadala wake na bei ya mbadala. Mbadala usipokuwepo, sema haupo. Usijaze pengo kwa maneno ya vizazi vijavyo.

Tunaelezaje mradi bila kuwarushia watu takwimu?

Chukua takwimu moja na uishushe hadi kwenye kundi la ng'ombe. Silanga ni mfano mzuri, maana ndiyo ombi la wadi nyingi kame, na ndiyo chanzo cha "kijiji chao kimepewa, chetu kimenyimwa".

Tuseme silanga ina uso wa mita 50 kwa 40 na inabeba mita za ujazo 5,000 ikijaa. Ng'ombe mmoja kwenye joto hunywa kama lita 40 kwa siku. Ng'ombe 500 ni lita 20,000, yaani mita za ujazo 20 kwa siku. Siku 100 ni 2,000. Sasa ongeza jua. Uso wa mita za mraba 2,000 ukipoteza milimita 6 kwa siku, ni mita za ujazo 12 kila siku, 1,200 kwa siku zile 100. Jua limekunywa zaidi ya nusu ya walichokunywa ng'ombe. Hapo bado hujahesabu maji yanayonywea ardhini kama udongo si mfinyanzi, wala tope linalojaa usipochimba shimo la kutegea mchanga mbele ya mlango wa maji.

Wafugaji wakiiona hesabu hii huanza kubishana juu ya kina, kivuli na udongo, na ubishi huo ni mzuri, kwa sababu hauna chama. Silanga nyembamba na yenye kina hupoteza kidogo kuliko pana na fupi. Uchaguzi wa mahali ukishakuwa swali la udongo na mteremko, mwenye kijiji kilichokosa ana sababu anayoweza kwenda kuipima mwenyewe: achukue udongo, aulowanishe, aufinyange kamba nyembamba. Ukikatika mara moja, maji hayatakaa hapo.

Biashara ya kaboni inazua mgawanyiko mkubwa. Tuanzie wapi?

Anzia kwenye sheria, maana watu wengi hawajaambiwa wana haki ya kudai nini. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 ilirekebishwa Septemba 2023. Marekebisho hayo yanataka mradi unaotumia ardhi ya jamii au ya umma uwe na makubaliano ya maendeleo ya jamii. Mradi unaotegemea ardhi, kama wa msitu, unapaswa kuipa jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia baada ya kutoa gharama za uendeshaji. Usiotegemea ardhi, asilimia 25.

Maneno ya kuyapigia mstari ni "baada ya kutoa gharama". Mapato ya Sh10 milioni yenye gharama ya Sh4 milioni yanaacha Sh6 milioni, na 40 ya hapo ni Sh2.4 milioni. Gharama ikipanda hadi Sh8 milioni, jamii inapata Sh800,000 kutoka mapato yale yale. Swali la kwanza kwa mwekezaji basi ni nani anakagua gharama, na ripoti ya ukaguzi itasomwa wapi na kwa lugha gani. Liulizeni pamoja, wanaoutaka mradi na wasioutaka.

Mfano wa kuonyesha ni Mikoko Pamoja, Ghuba ya Gazi, Kaunti ya Kwale. Ni hekta 117 za mikoko, na mauzo yake ni takriban tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka. Ni kidogo kwa kipimo cha soko la dunia. Lakini mwanakijiji anaweza kukupeleka kwenye bomba la maji na shuleni, akakuonyesha pesa zilipoingia. Kamati yake inachaguliwa na wanakijiji. Mpeleke mpinzani Gazi kama nauli ipo, na umwache azungumze na watu bila msindikizaji.

Uvumi ukishaenea tufanyeje?

Usiurudie kama kichwa cha habari. Sema ukweli, taja uvumi mara moja kwa maneno machache, rudi kwenye ukweli na uonyeshe mahali pa kuuhakiki. "Eneo la mradi ni hekta sita, ramani iko kwa chifu. Kumesemwa kwamba shamba lote litachukuliwa, si kweli. Ramani iko kwa chifu, kaiangalie leo hadi saa kumi."

Uvumi unapaswa kutibiwa kama taarifa ya hofu. Mradi wa upepo wa Kinangop, Nyandarua, uliopangwa kutoa megawati 60, ulifutwa mwaka 2016 baada ya upinzani wa wakazi na maandamano yaliyogharimu uhai. Kulikuwa na maneno juu ya madhara ya mitambo kwa afya ya watu na mifugo. Ukijibu hayo peke yake umekosea, kwa sababu chini yake kulikuwa na maswali ya ardhi na fidia: jirani amelipwa ngapi, mimi niko mita ngapi kutoka mtamboni, nani alitia sahihi kwa niaba yangu. Maswali hayo yasipojibiwa mapema, uvumi hupata makao, na mwanasiasa yeyote anayetafuta kiti huupangisha.

Sheria inataka ushirikishwaji wa kiasi gani?

Zaidi ya picha za watu wakiwa wameketi hemani. Kwa miradi inayohitaji tathmini ya athari za mazingira, kanuni za 2003 zinataka mabango mahali panapoonekana, tangazo gazetini kwa wiki mbili mfululizo, tangazo la redio kwa lugha rasmi na lugha za eneo, na angalau mikutano mitatu ya hadhara na watakaoathirika.

Kesi ya kuijua ni ya makaa ya mawe ya Lamu. Kiwanda cha megawati 1,050 kilipangwa Kwasasi, si mbali na Mji Mkongwe ulio kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001. Leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ilitolewa 2016; tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ikaifuta, na sababu kubwa ilikuwa ushirikishwaji. Mikutano ya awali ya kutambulisha mradi ilifanyika, lakini baada ya utafiti kukamilika watu hawakupewa matokeo kwa njia wanayoweza kuielewa na kuijadili.

Somo hili linaubana upande wowote. Lamu kulikuwa na watu waliotaka kiwanda kwa ajili ya kazi, na walioukataa kwa ajili ya uvuvi na afya. Wote walikuwa na haki ya kuona ripoti ile kwa Kiswahili. Ukiendesha mradi wa jua au wa miti na ukaruka hatua hizo kwa kuwa nia yako ni njema, leseni yako inafutika kwa sababu zile zile.

Utabiri ukikosea na watu wakatucheka?

Mwaka 2023 ulionyesha hatari ya kutangaza utabiri kama ahadi. Wataalamu walitahadharisha juu ya El Niño, Oktoba wananchi wakaambiwa na viongozi wa juu kwamba haitakuwa kali kama ilivyohofiwa, Novemba mafuriko yakaja. Tangu hapo kila utabiri hupitishwa kwenye chujio la siasa.

Toa utabiri kwa hesabu ya misimu. "Uwezekano wa asilimia 60 wa mvua kupita wastani" maana yake: ukikutana na misimu kumi yenye dalili kama hizi, sita itapita wastani, minne haitapita. Halafu waulize wangefanya nini wakijua hivyo: wapande ekari zote bondeni, au nusu juu nusu chini? Anayepanga kwa uwezekano hasemi amedanganywa.

Wanasiasa waalikwe?

Ndiyo, wa pande zote au asiwepo hata mmoja, na mialiko itoke siku moja. Mwakilishi wadi ana nafasi yake kisheria kwenye bajeti, kumficha mradi ni kujitafutia adui. Ila kuelekea Agosti 2027, pangeni maamuzi makubwa yapite kabla kampeni hazijapamba moto. Mradi unaozinduliwa miezi miwili kabla ya kura utabaki na jina la mtu, na mrithi wake ataukimbia.

Dini inasaidia?

Sana, ikiwa mzungumzaji ni wa dini hiyo mwenyewe. Uhalifa wa mwanadamu duniani kwa Waislamu, na kulima na kuitunza bustani kwa Wakristo, ni mambo ambayo watu wa vyama vyote wanayaamini. Mgeni akiyatumia kama mbinu, hujulikana mara moja.

Wanawake na vijana wapo lakini hawasemi.

Angalia saa. Mkutano wa saa nane mchana unamkuta mama akichota maji. Wa Jumamosi asubuhi unamkosa kijana wa bodaboda aliye kazini. Wape vikundi vyao kwanza, dakika 20, na msemaji wao asome ya kikundi. "Kikundi chetu kimesema" ni rahisi kutamka mbele ya baba mkwe kuliko "mimi naona".

Kundi la WhatsApp la wadi limekuwa uwanja wa matusi. Tulifunge?

Lifanye la matangazo tu: wasimamizi wawili wa pande tofauti ndio wanaotuma. Tarehe za mikutano, picha za risiti, picha ya kazi ya wiki ikiwa na tarehe. Maswali yapokelewe kwa sauti au ujumbe binafsi, na majibu yatolewe Ijumaa kwa pamoja. Sauti isizidi dakika mbili, wengi hununua bando la siku moja.

Mwongozo huu unafaa Tanzania?

Mwingi unafaa, ingawa mgawanyiko unakaa pengine. Mkakati wa Kitaifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi kufikia 2034, na mvutano wake ni baina ya anayepika, anayechoma mkaa na anayeuza mkaa kuliko baina ya vyama. Mpishi hununua mkaa kwa kopo, kwa pesa ya siku hiyo. Mtungi wa gesi wa kilo 6 unataka pesa ya wiki kadhaa kwa mkupuo. Ukimwambia gesi ni nafuu kwa mwezi umesema kweli, na bado hana pesa ya leo. Zungumza naye juu ya kikundi cha kuweka akiba ya kujaza mtungi, na mzungumze na mchoma mkaa juu ya kipato mbadala, kwenye mkutano wake mwenyewe.

Tunajuaje kwamba tumefaulu?

Usihesabu waliobadili chama au waliosema wameelewa. Tazama kumbukumbu za mkutano wa pili. Je, waliopinga wamerudi? Wametia sahihi hata pale walipoandika kwamba hawakubaliani? Weka safu ya "asiyekubali na sababu yake" kwenye karatasi ya sahihi, na isomwe kwa sauti kama maamuzi mengine yanavyosomwa. Mtu ambaye sababu yake imeandikwa sawasawa hurudi kuifuatilia. Nakala ibandikwe mahali pasipo na chama: kwenye zahanati, kwenye kisima cha kulipia, au kwenye mlango wa posho mill, ambako kila nyumba hupita ndani ya wiki.